Rafu ya Chini

Dukani kwetu kukaa lilikuwa kosa. Halikuandikwa popote, lakini kila aliyeajiriwa aliambiwa siku ya kwanza: mteja akimwona mfanyakazi amekaa, atadhani duka halina kazi. Waliokuwa na ruhusa ya kukaa ni wasichana wa mashine za malipo tu, na nadhani ni kwa sababu viti vyao vilifungwa sakafuni kwa skrubu. Sisi wapanga rafu tulisimama tangu milango ya chuma inapopandishwa mpaka zamu inapoisha. Miguu ikivimba, hayo yalikuwa yetu na viatu vyetu.

Ila kulikuwa na rafu ya chini. Rafu hiyo huwezi kuipanga umesimama, hata supavaiza alilijua hilo. Unachukua katoni, unaipindua, unaikalia, halafu unaingiza mkono mpaka kwapani, unavuta pakiti za zamani mbele na kuzisukuma mpya nyuma. Ndiyo sheria kubwa ya kazi ile: cha zamani mbele, kipya nyuma, kisije kikaharibikia gizani. Mteja anaona ukingo umejaa, kila pakiti imesimama wima, basi anaridhika. Kilichoko nyuma anakijua aliyepanga.

Duka lilikuwa Kawe, na mimi nilikuwa nakaa Bunju, kwenye chumba na sebule ambavyo mume wangu alipanga kabla hajaenda Dodoma kufunga madirisha ya aluminiamu kwenye majengo ya watu. Jengo la duka halikuwa na dirisha hata moja. Masika ilinyesha ikakatika, sisi tukaijua kwa viatu vya wateja tu. Taa ni zilezile asubuhi na jioni, muziki ni uleule, na rafu uliyoijaza kabla ya saa ya chakula unaikuta ina mapengo ukirudi. Kuna kazi ambazo mtu akizimaliza anafuta mikono na kuangalia alichofanya. Hii haikuwa na kumaliza. Siku nyingine niliwachukia wateja kwa kununua.

Kwa hiyo rafu ya chini tuliigombea, na aliyekuwa mpinzani wangu mkubwa ni mama mmoja wa Lindi, mkongwe kuliko wote pale. Alikuwa na magoti mabovu na ulimi mzima. Asubuhi ukimwambia shikamoo, anakuitikia marahaba huku ameshapindua katoni yake upande wa unga. Mimi nilikulia Mtoni, na hilo alilifanya utani wa kila siku. "Nyie watu wa Temeke mmezaliwa mmekaa," alikuwa akiniambia. "Simama huko, mtoto wa kike, mifupa yako bado mibichi." Sikumpenda sana. Alikuwa anajua habari za kila mtu, na akipewa kazi ya kuingiza mzigo na wewe, atakuachia upande mzito.

Mwaka huo nikawa na mimba. Nilishapoteza mbili kabla ya hiyo, zote zikiwa changa, na ya pili ilitoka nikiwa kazini, kwenye duka jingine, nikishusha maboksi ya sabuni. Kwa hiyo hii ya tatu niliibeba kwa woga mtupu. Niliwaambia watu wawili: mume wangu kwa simu, na mama yangu, ambaye alinishika mkono akasema nisimwambie mwingine yeyote mpaka tumbo lijitangaze lenyewe. Kwetu mimba changa haitangazwi. Macho ya watu si mazuri, na mtu aliyeshapoteza mbili hajaribu bahati yake.

Lakini mimi nilikuwa na sababu nyingine ya kunyamaza, tena kubwa kuliko macho ya watu. Pale dukani tulifanya kazi kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu. Ukiisha, unasaini mwingine, na mimi nilikuwa nimeshasaini mpaka nikachoka. Tajiri, mzee mmoja mtaratibu wa familia ya Kihindi ambaye baba yake alianza na kiduka cha vitambaa, alikuwa ameahidi kwamba baada ya Idd baadhi yetu tutaandikishwa kazi ya kudumu. Kazi ya kudumu ilikuwa na bima ya afya, na ilikuwa na likizo ya uzazi. Yaani nikifika Idd bila mtu kujua, nitazaa nikiwa na kazi na hospitali. Wakijua kabla, yatanikuta ya msichana wa upande wa vipodozi, ambaye tumbo lilipoanza kuonekana, mkataba wake uliisha na hakuna aliyekumbuka kumletea mwingine. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wahenga hawakuwahi kufanya kazi kwa mkataba wa miezi mitatu.

Koti letu la kazi lilikuwa pana, na mtandio wangu niliushusha mpaka kifuani. Tumbo lingenivumilia. Kilichonipa hofu ni ngazi. Rafu za juu zilipangwa kwa ngazi ya chuma yenye magurudumu, na huko juu ndiko walikoweka madumu ya mafuta na maboksi ya maji, Mungu anajua kwa nini. Nilikuwa nikiitwa kupanda, nasema nimeshaanza chini. Nilikuwa naanza chini kila siku.

Kisha Ramadhani ikaingia.

Supavaiza wetu alikuwa kijana wa Bara, Mkristo, mdogo kwangu kwa umri, mwenye tai na haya. Tatizo lake lilikuwa wema. Siku ya kwanza ya mfungo alitukusanya stoo akasema amefikiri sana kuhusu sisi Waislamu. "Mtu hajala, hajanywa, halafu umpandishe ngazi na dumu la mafuta, hiyo siyo haki. Kwa hiyo mwezi huu wote wanaofunga watapanga rafu za chini. Wasiofunga watapanda ngazi. Baada ya Idd tunarudi kama kawaida. Haki sawa." Tukapiga makofi. Mama wa Lindi alimwombea dua palepale.

Mimi nilipiga makofi pia, lakini sikuwa nimefunga. Nesi wa kliniki Bunju alikuwa ameshanipima akanung'unika kwamba damu yangu ni ndogo, akaniambia kwa ukali kabisa nisifunge, nile na ninywe mara kwa mara. Dini yenyewe inamruhusu mja mzito kula, atalipa siku zake baadaye. Hata mama yangu, ambaye hajawahi kula mchana wa Ramadhani ila kwa udhuru, aliniambia nile. Lakini mwanamke wa Kiislamu asiyefunga siku chache, wenzake wanaelewa na hawaulizi. Akizidisha wiki, wanaanza kutazamana, na wakishatazamana wanamtazama tumbo.

Ningeweza kusema nina vidonda vya tumbo. Dar nzima mwezi huo ina vidonda vya tumbo, na vyote vinapona siku ya Idd. Lakini mwenye vidonda hafungi, na asiyefunga anapanda ngazi. Nikisema nimefunga, nakaa chini salama, ila mbele ya watu nisile wala nisinywe. Nikisema sijafunga, nakula nitakavyo, ila juu ya ngazi. Nilipiga hesabu hizo nimelala, nimesimama, nikisuuza vyombo. Kila mlango niliougusa ulikuwa umefungwa na mtu aliyenitakia mema.

Basi nikafunga saumu ya uongo. Naisema hivyo hivyo. Asubuhi nilitoka Bunju na kichupa cha uji wa ulezi na kipande cha kiazi kitamu au muhogo wa kuchemsha, nimevifunga kwenye kitambaa, nimevichomeka ndani ya mtandio. Chooni nilijaribu siku moja, nikashindwa; uji haushuki mahali pale. Mwisho nikapata pa kula. Upande wa unga wa ngano, rafu ya chini, pakiti zilipangwa safu kwa safu kwenda ndani, na nyuma ya safu ya mwisho kulikuwa na nafasi ya mkono mmoja hivi. Mteja anachukua ya mbele. Hakuna anayefika nyuma ila anayepanga, na anayepanga ni mimi. Nikiwa nimekalia katoni, kichwa kimeinamia ndani ya rafu kana kwamba nasoma tarehe, nilikuwa nakunywa mafunda mawili matatu, namega kiazi, nafuta mdomo kwa ncha ya mtandio, narudi kupanga.

Nilikuwa na njaa kila saa, na nilikuwa na aibu kila saa. Nje ya jengo ule mwezi una raha yake, watu wana upole, jirani anagonga na bakuli la futari. Mimi nilikuwa nauona mwezi ule kutoka ndani ya rafu. Tajiri alituletea tende, boksi kwa kila aliyefunga, akaniwekea langu mkononi na kusema Mwenyezi Mungu aikubali saumu yako, mwanangu. Nikasema amina. Boksi lile sikulifungua kwa muda mrefu, nililiweka juu ya kabati na kila nikiingia chumbani linanitazama.

Kitu kimoja nilikisahau, na alaumiwe nani, kwa sababu nimekulia nacho. Likiingia kumi la mwisho, wenye uwezo wanafuturisha. Wanaume wananunua mchele kwa magunia, wanawake wanalisha madrasa nzima. Na mtu anayefuturisha hachukui pakiti ya mbele.

Siku hiyo nilikuwa nimeingia stoo kuvuta toroli la sukari. Niliporudi nilimkuta mama mmoja, mtu mzima mwenye baibui zuri, na wabeba mizigo wawili, wanapakia unga. Ameuchukua wote. Rafu ilikuwa tupu mpaka ukutani, mbao nyeupe kabisa, na katikati yake kichupa changu cha uji kimesimama peke yake, kando yake kiazi kwenye kitambaa. Supavaiza alikuwa amechuchumaa mbele yake. Yule mama alisema astaghfirullah, akageuka kwenda kulipa.

Upande wa unga tulikuwa wawili tu, mimi na mama wa Lindi, tukipokezana. Supavaiza alituita stoo, na wengine waliokuwa karibu wakajisogeza na matoroli yao wakijifanya wana kazi. Aliweka kichupa juu ya maboksi. Hakufoka. Angefoka, ningepata mahali pa kumchukia.

"Mimi simlazimishi mtu kufunga," alisema. "Hiyo ni ishu yako na Mungu wako. Ila nimewapa kazi nyepesi kwa sababu ya mfungo. Sasa mtu anakunywa uji hapo chini, mwenzake anapanda ngazi kwa niaba yake. Hiyo siyo haki. Kati yenu nyie wawili, nani hajafunga?"

Kwa bahati mbaya alikuwa sahihi. Nilifungua mdomo, na sijui mpaka leo ningesema nini. Nikisema ni mimi, ataniuliza kwa nini nilidanganya, na jibu la kweli ni moja tu, nalo linanipeleka nyumbani. Nikisema si mimi, namsukumia mama wa watu. Nilikuwa nimebanwa pande zote, na nakumbuka nilichofikiria ni kwamba kiazi kilikuwa kimebaki nusu na nilikuwa na njaa.

"Mie," alisema mama wa Lindi.

Watu waligeuka wote. Yeye alikuwa anafunga vizuri mtandio wake.

"Mama, wewe?" supavaiza aliuliza.

"Kwani mie malaika? Mie ndo nakula. Umeuliza, nimekujibu. Sasa hiyo ngazi iko wapi?"

Nilimfuata mpaka nyuma ya magunia ya mchele. Nilitaka kumshukuru na nilitaka kumkemea, na nikashindwa lipi lianze. "Mama," nikasema, "ule uji—"

"Uji wako naujua tangu kumi la kwanza," alinikatiza. "Unadhani ni we peke yako unayeingiza mkono nyuma? Kiazi kinanukia mpaka kwenye maharage."

"Nataka nikuambie—"

"Usiniambie kitu. Nikiambiwa nitakuwa najua, na nikijua nitaulizwa." Aliniangalia kiunoni, nilipokuwa nimeshika bila kujua, akaangalia pembeni. "Wala usidhani nimekupenda. Nimechoka tu kumwona huyu kijana anachungulia midomo ya watu wazima. Saumu yangu anaijua niliyemfungia. Haya, katoni yangu kalia we."

Na yeye kweli alikuwa amefunga. Alikuwa anaamka daku, hali, hanywi, anaingia kazini, na kwa kuwa alikuwa amesema hakufunga, alipanda ngazi. Alikuwa anaanza na goti la kulia, anaburuza la kushoto, anashika chuma, anapumua, kisha daraja linalofuata. Mimi chini yake, nimekaa. Nilikuwa naona nyayo zake, visigino vimepasuka, hina ya kucha imefifia, na kila dumu lililopanda nililisikia mgongoni mwangu. Unga wangu sikujua hata naupangaje. Kichupa changu nilikihamishia nyuma ya chumvi, kwa sababu mtoto hakujua habari za aibu yangu, yeye alitaka uji.

Ngazi angeivumilia. Watu ndio waliokuwa wabaya. Wale akina dada waliokuwa wakimwita mama kila neno, waliacha. Wakipita chini ya ngazi wananong'ona kwa sauti ya kusikika: mtu mzima hovyo, na mtandio wake huo. Mmoja alimwambia supavaiza kwamba mama yule awe wa kwanza kutajwa panapotajwa wanafiki. Tajiri alipoleta tende za pili, alimruka. Alimpa wa kulia kwake akampa wa kushoto kwake. Mama wa Lindi, mwenye ulimi wake ule uliokuwa ukinitoa machozi kwa utani mdogo, hakumjibu mtu. Alikuwa anapanga tu. Nilisubiri anitukane hata mimi, nipate nafuu, lakini naye alikuwa amenyamaza kwangu pia.

Nilijiambia navumilia kwa ajili ya mtoto. Nilijiambia Idd imekaribia, nitaandikishwa, nitajifungua, halafu nitamnunulia doti ya khanga na kumpigia magoti. Kila jioni nilikuwa na maneno mapya ya kujiambia, na kila asubuhi yalikuwa yameisha.

Magharibi ikiingia tukiwa kazini, waliofunga walikuwa wanaruhusiwa kwenda stoo kufuturu. Hapo tu, kwa dakika hizo, tuliruhusiwa kukaa wote kwa wazi. Tulikuwa tunapindua makatoni kwa mduara, tende katikati, chupa ya maji ya tangawizi, mtu ameleta kaimati, mwingine tambi. Wasiofunga walibaki rafuni kutushikia zamu. Mama wa Lindi naye alibaki huko, kwa kuwa alihesabiwa upande wao.

Jioni moja redio ya simu ya mtu ilikuwa inaadhini, nami nimeshika tende, kila mmoja ananyoosha mkono. Nikainua macho. Mama wa Lindi alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo, mahali palipo na bomba la maji, ametugeuzia mgongo nusu. Alikuwa na kikombe cha plastiki. Alitazama kushoto, akatazama kulia, kama mwizi, na midomo yake ikacheza bila sauti. Bismillah. Akanywa funda dogo, akafuta mdomo kwa ncha ya mtandio, akarudisha kikombe nyuma ya bomba alipokificha.

Niliijua ile namna ya kufuta mdomo. Ilikuwa yangu. Mimi nilikula kwa kujificha ili nionekane nimefunga, na mama wa watu anafuturu kwa kujificha ili aonekane amekula. Nilijisikia uchungu ambao sijawahi kuusikia hata kwa wale wawili niliowapoteza, na nikajua sitaweza kumeza tende ile mbele yake.

Niliinuka. Supavaiza alikuwa ameingia kuhimiza watu warudi, na sikumngoja aondoke.

"Mama huyu amefunga," nilisema. "Amefunga tangu siku ya kwanza mpaka leo. Uji ulikuwa wangu. Mie ndo sijafunga. Nina mimba."

Nilienda mpaka mlangoni nikampa ile tende. Nilidhani atalia, au atanikumbatia. Aliniangalia kwa hasira kabisa.

"Mjinga we," alisema. "Siku zilizobaki unazihesabu kwa vidole. Mie magoti yangu nimeyatoa bure?"

Kisha akachukua tende akaila pale pale, amesimama, huku bado amekunja uso. Mmoja wa wale akina dada alijisogeza kwenye katoni yake akasema karibu mama, kwa sauti ndogo. Mama wa Lindi akamwambia maji yanamtosha.

Supavaiza alikuwa amelegeza tai yake. "Sasa sista," aliniambia, "si ungeniambia tu?"

Hapo hasira yangu yote ikapata njia. "Ningekuambia, ungefanya nini?"

Alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri, sikatai. "Ningekutafutia kiti," alisema.

Kesho yake kiti kilikuwepo. Kilikuwa cha plastiki, cha bluu, wala hakikununuliwa popote. Kilitoka ofisini kwake, na vumbi lake lilionyesha kimekaa nyuma ya mlango kwa miaka. Siku zote zile tulizokuwa tunagombea makatoni kama kuku, kiti kilikuwepo. Alikibeba mwenyewe mpaka upande wa unga, akakiweka, akaniambia nikae. Nikakaa. Nilikuwa mpanga rafu pekee aliyekaa kwa ruhusa katika duka lile, na nilitamani ardhi inimeze. Wateja waliniangalia, wakaangalia tumbo, wakaelewa. Mama wa Lindi alikuwa amerudishiwa katoni yake, rafu ya chini, hatua chache kutoka kwangu. Tulipanga unga bila kusemezana. Mara moja tu alivutavuta kiti changu kwa mkono, akakipima, akasema, "Kibovu hicho, mguu mmoja mfupi."

Idd ikapita. Waliotajwa kazi ya kudumu walitajwa, na mimi sikuwemo. Hakuna aliyenifukuza, watu wanapenda kuniuliza nani alikufukuza, nami nawaambia hakuna. Mkataba wa miezi mitatu haumfukuzi mtu, unaisha tu. Supavaiza alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema nikijifungua salama nirudi tuongee, na najua alimaanisha. Tajiri alinitumia furushi la nepi za mtoto. Nilizigeuza kuangalia tarehe, kwa mazoea. Zilikuwa zimetolewa safu ya mbele.

Nilijifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Bima sikuwa nayo, tulihangaika kama watu wote wanavyohangaika, yakapita. Nikawekwa ndani arobaini yangu, Bunju, chumba kilekile, mlango umeegeshwa, upepo usimpige mtoto. Watu husema siku zile mama anapumzika. Mimi nilikuwa nalala nikiota rafu. Nilikuwa nazivuta pakiti mbele na nyuma yake hakuna ukuta, mkono unaenda tu.

Ndani ya siku hizo mama wa Lindi akaja, siku yake ya mapumziko, bila taarifa, ana khanga mbili na mfuko wa unga wa ulezi. Nilimwamkia, akaitikia akiwa bado hajavuka kizingiti, kama kawaida yake. Tulikuwa na kiti kimoja cha kueleweka. Nilikisogeza. Alikitikisa kwanza kwa mkono, miguu yote minne, ndipo akakaa, akanyoosha magoti yale mbele yake taratibu, akasema nimpe mtoto.

Nilimuuliza kama wamemwandikisha. Alisema bado, wamemwambia labda mwakani. Nilimuuliza kiti cha bluu kikoje. Alisema kimerudi ofisini nyuma ya mlango, na kuna binti mmoja mgeni upande wa sabuni ambaye siku hizi anapenda sana rafu ya chini.

"Umemuuliza?" nilisema.

"Nimemwachia katoni yangu," alijibu, na akamfunika mtoto miguu.

Mtoto alilala mapajani mwake. Nje jirani alikuwa anatwanga, jua likahama kutoka dirishani mpaka mlangoni, na mara mbili nilimwona anashtuka, anashika mikono ya kiti kama anayetaka kuinuka kabla hajaonekana, kisha anakumbuka yuko wapi. Alikaa mpaka Magharibi. Hakuna aliyemwambia asimame.